Kona ni ya mtoto, si ya mkaguzi

Mtoto wa Amani hafiki shuleni mikono mitupu. Njia za milima hii ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, zina mengi mno ya kuokota: mbegu ya msambu, kipande cha gome la mdalasini kilichodondoka kwenye mzigo wa mtu, punje za iliki, konokono, na siku nyingine kinyonga mzima ambaye wenzake wanamkimbia kwa makelele. Akifika mlangoni mwa darasa, mara nyingi hukutana na neno moja tu: “Tupa.” Anatupa, anajifuta mikono kwenye kaptula, anaingia na kukaa. Kisha somo la sayansi linaanza, na mwalimu anachora mbegu ubaoni.

Yapo madarasa ambamo neno hilo limebadilika. “Kaiweke kwenye kona ya sayansi,” mwalimu anasema, na ile mbegu inapata mahali pake juu ya boksi lililopinduliwa, kando ya chupa ya maji iliyokatwa kichwa ikawa bakuli. Baadaye, saa ya kona ikifika, mtoto yule yule anairudia kwa hiari yake, anaipasua, anaona kilichomo, anamwita mwenzake.

Makala haya yanahusu saa hiyo: saa ya kona za ujifunzaji, ambapo mtoto ndiye anayechagua aende wapi, ashike nini na akae na nani. Kwa mtazamaji ni jambo dogo, karibu ni mchezo. Mwalimu aliyelijaribu akiwa na watoto 60 anajua kwamba vifaa ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Nusu nzito ni kuliendesha.

Kona si kitu kigeni tena nchini. Mtaala wa Elimu ya Awali wa mwaka 2016, ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ulileta kona ndani ya darasa la awali, na mtaala ulioboreshwa wa 2023, ulioanza kutumika Januari 2024, umeendeleza ujifunzaji kwa vitendo na michezo. Mradi wa BOOST, unaogharamiwa na Benki ya Dunia kwa Dola za Marekani milioni 500, umejenga madarasa ya mfano ya awali katika shule mbalimbali. Mkoa wa Tanga umo pia katika mikoa tisa ya programu ya Shule Bora inayofadhiliwa na Uingereza. Ndiyo maana leo ukipita darasa la awali, hata la kijijini, huenda ukakuta karatasi za manila zimebandikwa ukutani: Kona ya Nyumbani, Kona ya Duka, Kona ya Hisabati, Kona ya Lugha, Kona ya Sayansi, Kona ya Sanaa.

Kinachokosekana mara nyingi ni mtoto ndani ya kona. Visoda vimetungwa kwenye uzi na kuning’inizwa juu ya dirisha, pasipofikiwa na mkono wa mtu wa miaka mitano. Mwanasesere amefungwa kwenye mfuko asichafuke. Duka limepangwa vizuri, maboksi ya sabuni na ya majani ya chai yametazama mbele kama gwaride, na vumbi limetanda juu yake kwa sababu hakuna anayenunua. Vitu hivyo huguswa siku wanapokuja wathibiti ubora wa shule, ambao watu wengi bado wanawaita wakaguzi. Wakiondoka, kila kitu kinarudi mahali pake, na watoto wanarudi kwenye kuimba “a, e, i, o, u” kwa pamoja.

Si haki kumtupia mwalimu lawama zote. Kigezo cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na mmoja kwa wanafunzi 45 wa shule ya msingi. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, wazazi waliitikia kwa wingi, na ni jambo la kushukuru. Lakini madarasa mengi yamevuka vigezo hivyo kwa mbali. Mwalimu aliyefaragua zana zake usiku, kwa maboksi aliyoyaomba dukani na gundi ya unga wa muhogo, ana sababu ya kuogopa kwamba zitararuliwa kwa siku moja. Anafunga kabati. Ni hofu ya mtu anayeithamini kazi yake.

Hofu hiyo ya kabati ina historia ndefu. Tarehe 6 Januari 1907, daktari wa Kiitaliano Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, jijini Roma. Watoto walikuwa kama 50. Vifaa vilikuwa kwenye kabati lenye kufuli. Mwalimu ndiye aliyegawa, na mwalimu ndiye aliyekusanya. Siku moja mwalimu alichelewa, na jana yake alikuwa amesahau kufunga. Alipofika aliwakuta watoto wamelizunguka kabati, wengine wameshachukua vitu na kwenda navyo. Yeye aliona wizi. Montessori aliona kwamba watoto walivijua vifaa vile vizuri kiasi cha kuweza kuchagua, na kwamba kila mmoja alikuwa ameondoka na kazi yake. Tangu hapo kabati lenye kufuli likaacha nafasi kwa rafu fupi zilizo wazi, ambazo mtoto wa miaka minne anazifikia.

Masomo hayo hayako mbali na Amani. Ukivuka Bonde la Lwengera, linaloitenga Usambara Mashariki na Magharibi, ukapanda hadi Lushoto, utafika Ubiri, ambako masista wa Kikatoliki wanaandaa walimu wa Montessori. Vifaa vyao vya mbao vilivyolainishwa ni ghali kwa shule ya kawaida. Utaratibu wao, hata hivyo, hauhitaji fedha. Kila kifaa kipo kimoja tu. Mtoto akikitaka na kipo mikononi mwa mwingine, anasubiri au anachagua kingine. Mtoto anatandika mkeka mdogo, na mkeka huo ndio mpaka wa shamba lake. Hakuna anayeukanyaga wala kugusa kilicho juu yake bila kukaribishwa. Akimaliza anarudisha kifaa pale pale alipokitoa, kikiwa tayari kwa mwenzake. Hakuna aliyezunguka na fimbo. Mkeka na rafu vimefanya kazi ya kiranja.

Pwani ya Waswahili ina mfano wake wenyewe, tena wa kujivunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa Pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan msaada wa kuinua elimu ya watoto wao. Ukazaliwa mpango wa shule za Madrasa. Mwaka 1986 ikafunguliwa shule ya awali ya kwanza ya mpango huo, Liwatoni, Mombasa, chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said, mwalimu mzoefu wa mji huo. Mwaka 1990 mpango ukaingia Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda. Walimu wake walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo, waliofunzwa kuligawa darasa kwa kona na kuzijaza kwa vitu vya palepale: vifuu vya nazi, makombe ya baharini, mbegu, vitambaa. Dini na utamaduni wa Kiswahili vikabaki kuwa moyo wa shule. Namna ya kuendesha kona ilitoka mbali zaidi, kwa watu wa HighScope wa mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani. Hao walianza mwaka 1962 na shule ndogo ya Perry, na wakawafuatilia watoto 123 wa familia maskini, waliosoma hapo na wasiosoma, hadi walipofika miaka 40.

Kutoka Michigan kulikuja maneno matatu ambayo mwalimu wa Kitanzania anaweza kuyaandika juu ya ubao wake kesho: panga, tenda, kumbuka. Kabla ya kwenda kona, mtoto anasema anakwenda wapi na atafanya nini. Halafu anakwenda na kufanya. Mwisho anarudi kwenye duara na kusimulia. Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walipolinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waliwakuta waliosoma shule yoyote ya awali wamewapita waliobaki nyumbani, na wale wa shule za Madrasa wamepiga hatua kubwa zaidi ya wote.

Yale maneno matatu yanastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo yanayotenganisha kuchagua na kuzurura. Mtoto anayeulizwa “Leo unakwenda wapi?” akajibu “Dukani” hajapanga bado. Mwalimu anaongeza: “Kuuza au kununua?” “Kuuza.” “Utauza nini?” “Iliki.” Sasa amepanga, na kichwa chake kimetangulia kufika kabla ya miguu. Baadaye, kwenye duara, mtoto yule yule anasema iliki iliisha kabla wateja hawajaisha. Mtu wa miaka mitano ametamka hesabu ya kutoa bila kuona alama ya kutoa. Mwalimu hawezi kuwasikiliza wote 60 kila siku, na wala halazimiki. Wanane leo, wanane kesho. Kwa wiki mbili kila mtoto amepata zamu yake, na mwenye kusikiliza pia amejifunza kusimulia.

Ni sehemu ya kumbuka ambayo huachwa kwanza muda ukibana. Inafaa iwe ya mwisho kuachwa.

Hapo ndipo inapokuja hesabu yenyewe ya darasa kubwa. Watoto 60 wakigawanywa kwenye kona tano ni 12 kila kona, na watoto 12 kwenye duka moja la boksi ni vita. Njia inayowezekana ni kulivunja darasa mara mbili. Thelathini wanakaa mkekani na mwalimu kwa somo. Thelathini wengine wanakwenda kona, sita kila moja. Baada ya nusu saa wanabadilishana. Kwa mpango huu kona hazina budi kujiendesha, kwa kuwa macho ya mwalimu yako mkekani. Kwa hiyo hakuna kitu kipya kinachoingia kona kabla hakijaonyeshwa mbele ya wote: hivi ndivyo kinavyoshikwa, hivi ndivyo kinavyotumika, hapa ndipo kinaporudi. Penye mzazi au bibi wa kijijini aliye tayari kukaa na watoto asubuhi mbili kwa wiki, mzigo unapungua sana.

Kosa linalowaangusha wengi ni kufungua kona zote Jumatatu moja. Hadi Jumatano, vitu vimetapakaa, watoto wamegombana, na mwalimu mkuu amepita dirishani mara tatu. Mwenye busara anaanza na mbili, kwa wiki mbili, hadi watoto wajue njia ya kwenda na ya kurudi. Ya tatu inaongezwa wao wenyewe wakiwa wameanza kuiulizia.

Nani aende wapi? Swali hili ndilo linaloleta machozi, na dawa yake ni kibanio cha nguo. Kamba ya katani, ambayo mkoa wa Tanga hauna sababu ya kuikosa, inafungwa kwenye misumari miwili karibu na mlango, kimo cha mtoto. Juu yake vinaning’inia vibanio, kila kimoja na jina la mwenyewe, na kwa asiyejua kusoma bado kuna picha: jani, samaki, kikombe, mwezi. Kila kona ina kadi ya manila yenye duara sita zilizochorwa. Mtoto anatoa kibanio chake kambani na kukibana juu ya duara moja. Duara zikijaa, kona imejaa. Hakuna wa kulalamikiwa, kwa kuwa aliyesema imejaa ni kadi. Siku za mwanzo anaweza kusimama mtoto mbele ya kadi, kidole kikitembea: “Moja, mbili, tatu, nne, tano... bado moja!” na kukimbilia nafasi yake. Mwalimu akitupa jicho mara moja anajua kila mtu yuko wapi. Baada ya wiki chache, wengi wanalisoma jina lao, na picha inaweza kuondolewa.

Kengele ya shule haifai kumaliza saa ya kona. Mtoto aliye katikati ya kujenga hawezi kukatwa ghafla akaridhika. Dakika tano kabla, mwalimu anapita kona kwa kona akiwaambia wamalizie. Kisha anaanzisha wimbo, ule ule kila siku, na wimbo ukiisha kila kitu kiwe kimerudi. Chini ya kila kifaa, kwenye rafu au sakafuni mwa boksi, pamechorwa kivuli chake: umbo la kijiko, la kopo, la mkasi. Kivuli kilicho wazi kinasema kuna kitu hakijarudi. Kazi ya kukitafuta ni ya wote waliokuwa kona ile, na kwa namna hiyo upotevu uliomfanya mwalimu afunge kabati unaanza kupungua.

Lipo tatizo ambalo vibanio haviwezi kulitatua. Mtoto akipewa hiari, huenda akachagua kona moja mwezi mzima. Wapo wavulana ambao hawajawahi kukaa Kona ya Nyumbani kwa sababu mtu amewaambia kupika si kwao, na wapo wasichana ambao hawajashika magurudumu ya gari la waya. Wapo wanaokwepa vitabu kwa ustadi wa ajabu. Mwalimu anayeandika kwenye daftari, kila siku mstari mmoja tu kuhusu watoto watano au sita, ataliona hilo ndani ya wiki mbili. Kumwamuru mtoto ahame kunaua hiari yenyewe. Dawa nzuri zaidi ni kuipeleka kona kwa mtoto. Mpenda magari apewe kazi ya kuandika namba za magari. Anayependa kupika akute kwenye Kona ya Nyumbani kijitabu cha mapishi ya picha, ambacho lazima akifungue ili ajue chai inahitaji nini. Gari la waya liingie dukani, libebe mzigo, na msichana mwenye duka alisukume.

Duka, kwa kweli, ndilo moyo wa kona zote, na Amani ina bidhaa ambazo shule nyingi za mijini zingezitamani. Iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu na majani ya chai vinalimwa hapa hapa, na watoto wameona wazazi wao wakivikausha na kuvipima. Mizani inatengenezwa kwa hanga ya nguo na mifuniko miwili ya ndoo ndogo iliyofungwa kwa uzi. Mawe ya kupimia yanachaguliwa na watoto wenyewe, wakibishana lipi ni zito. Visoda ni fedha: cha rangi moja ni shilingi 100, cha rangi nyingine shilingi 500. Mnunuzi anaweka noti ya manila, muuzaji anatafuta chenji. Mtoto aliyekuja shuleni na Kishambaa au Kibondei peke yake kinywani, ambaye mbele ya ubao hatamki neno, hapa anajikuta anasema “Punguza bei” na “Chenji yangu iko wapi?” kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa kuwa asiposema atapunjwa. Masomo matatu yanafundishika juu ya boksi moja lililopinduliwa.

Tahadhari zinahitajika. Mbegu ndogo huingia puani mwa mtoto wa miaka minne kwa kasi ya kushangaza, basi wadogo wapewe kubwa. Mbegu za mbarika zinavutia kwa madoadoa yake, lakini ni sumu na hazina nafasi darasani. Tena, Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 na yenye zaidi ya hekta 8,000, ina kanuni zake. Vya kona viokotwe shambani, uani na kando ya njia, na msituni watoto wajifunze kutazama bila kung’oa.

Kuhusu kutazama, watoto wa Amani wana urithi mkubwa kuliko wanavyoambiwa. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda miti kutoka pembe nyingi za dunia. Waingereza wakaiendeleza, hadi utafiti wa kilimo ulipohamia Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, na wataalamu wa malaria wakachukua nafasi. Ua dogo la zambarau lililokusanywa Usambara na Baron Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892 leo limo kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi 2016, wakulima wa vijiji vya hapa walifuga vipepeo na kuuza pupa wake kwa maonyesho ya ng’ambo. Kwa zaidi ya karne moja, watu wenye darubini wamepanda mlima huu kuokota kile kile ambacho mtoto aliambiwa akitupe mlangoni. Pupa mmoja ndani ya boksi lenye chandarua, mezani pa kona ya sayansi, watoto wakimchora kila asubuhi hadi siku atakapopasuka na kutoka kipepeo, ni somo ambalo hakuna mchoro wa ubaoni utakaolifikia.

Mvua, je? Milima hii ina mvua nyingi, na ushauri wa vitabu kwamba darasa likiwa dogo kona zitolewe nje chini ya mti haufiki mbali mwezi wa nne. Vyumba vingine hutumika na darasa jingine mchana, hivyo hakuna cha kuacha kimepangwa. Mwalimu wa mazingira haya atahitaji kona zinazohama. Kila kona inakaa ndani ya tenga lake au boksi lenye mfuniko: tenga la duka, tenga la sanaa, tenga la vitabu, na kadi ya duara sita imefungwa ubavuni. Saa ikifika, watoto wawili wanabeba kila tenga hadi mahali pake, mvua ikikatika hata barazani. Saa ikiisha linarudi ofisini. Kubeba nako ni kazi wanayoigombea.

Dhana kwamba kona ni za watoto wa awali tu inawapunja wakubwa. Darasa la tatu au la nne linaweza kuwa na vituo vya kazi kwa namna yake: kadi ya wiki yenye kazi tatu za lazima na mbili za hiari. Mwanafunzi anaamua aanze na ipi, afanye na nani, na anaweka alama mwenyewe akimaliza. Ijumaa mwalimu anapokea kadi, na anaona nani amekimbia sehemu. Hapa nidhamu ya kuchagua inakuwa nidhamu ya kupanga muda, ambayo watu wazima wengi tuliokuzwa kwa kengele bado inatusumbua.

Wazo hilo si la kuletwa kutoka nje pekee. Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alilalamikia shule inayomfanya mtoto awe mpokeaji, na akataka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua shughuli za shule yao. Miaka michache baadaye, chuo cha ualimu cha Korogwe, chini tu ya milima ya Usambara, kilishirikiana na kijiji cha Ujamaa cha Kwamsisi, Handeni, katika jaribio la shule ambayo masomo yake yalitokana na maisha ya kijiji chenyewe. Mpango huo ulikuwa wa mkoa huu huu. Ni vigumu kuelewa kwa nini walimu vijana wa Tanga wasomeshwe majina ya wanazuoni wa Ulaya bila kutajiwa Kwamsisi.

Wazazi wana swali lao, na ni la haki: mbona wanacheza tu, lini watasoma? Jibu bora ni kuwaalika. Mzazi akikaa nusu saa kando ya duka la visoda, akamsikia mwanawe akihesabu chenji, mara nyingi swali linabadilika, anaanza kuuliza alete nini. Mwalimu mkuu naye ana hofu ya kelele, kwani tumezoea kulipima darasa kwa ukimya. Kelele za kona hupanda na kushuka kama za soko. Zikigeuka za ugomvi, sikio la mwalimu linajua mara moja. Na wathibiti ubora wakija, wasihesabu kona ukutani. Waombe kukaa chini kwenye mkeka, wamuulize mtoto mmoja, yeyote: “Leo umechagua wapi, na ulifanya nini?” Akiwa na la kusimulia, waandike kwamba kona ipo. Akimtazama mwalimu kutafuta jibu, waandike hivyo pia, kisha wamsaidie mwalimu badala ya kumkaripia.

Kwa mzazi wa Amani anayeyasoma haya mwishoni mwa wiki: shule ya karibu nawe inahitaji tenga moja kuukuu, kamba ya katani pima mbili, vibanio vya nguo, maboksi matupu kutoka dukani na visoda vya rangi mbili. Jumatatu mpe mtoto avipeleke, na muulize mwalimu asubuhi ipi unaweza kuja kukaa.